Shahidi wa Mwezi wa Muharram

Jumamosi, tarehe 25 Juni 1960, jua lilipokuwa likizama, nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba ya baba yangu, mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, nikibandika karatasi ya kijani kwenye taa ya mkono. Gundi yangu ilikuwa uji mzito wa muhogo. Watoto wa jirani walikuwa wamenizunguka, kila mmoja akidai taa yake iwe ya kwanza, kwa maana jioni ile walitakiwa kupita mitaani na taa za karatasi nyeupe, nyekundu na kijani. Kesho yake, Jumapili, Madagaska ingekuwa nchi huru.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya wasichana Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, alikozaliwa na kuzikwa mama yangu. Nilikuja Mahajanga kwa ruhusa ya siku kumi. Mdogo wangu alikuwa karibu kujifungua, na mumewe, ambaye ni baharia, alikuwa safarini. Nyumbani alibaki na baba peke yake, na baba hakuwa mtu wa kuachiwa mambo ya uzazi.

Saa ile baba alikuwa juu ya dari la msikiti, kwenye paa lake tambarare, akiutafuta mwezi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ingawa riziki yake ilitokana na kufundisha watoto Kurani. Alikuwa ameletwa kutoka Ngazija akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia Mahabibo, akaoa msichana wa Kisakalava wa Nosy Be, na kwa muda mrefu kuliko umri wangu alikuwa shahidi wa mwezi wa msikiti wetu. Kila siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu alipanda ngazi ya mbao baada ya jua kuchwa, akasimama akiielekea ghuba, na aliposhuka akasema ameuona, watu hawakuuliza zaidi. Ushahidi wa mwezi una masharti. Anayeutoa lazima awe mwadilifu, asiyejulikana kwa uongo, na awe na akili timamu. Baba hakuyataja masharti hayo kamwe, kama mtu asivyotaja kwamba ana miguu miwili.

Alikuwa na rafiki mmoja, fundi cherehani, aliyepanda naye dari kila mara na kila mara akashindwa kuona chochote. Fundi huyo alipenda kumtania. Alisema macho ya baba yanauona mwezi ulio kama ukucha uliokatwa, lakini nzi aliyemo kikombeni hayamwoni, anammeza pamoja na chai. Baba alimjibu kwamba nzi haandami na hana haja ya shahidi.

Jioni ile walishuka wakicheka. Mwezi wa Muharram umeandama, mwaka wa 1380 wa Hijria umeingia. Hawajafika barazani, akatokea mwanamke anayefagia hospitali ya wazazi, anahema, akasema mdogo wangu amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, saa kumi na mbili na dakika kumi. Baba aliketi chini pale pale, mchangani, na kanzu yake nyeupe. Alihesabu kwa vidole. Jua lilikuwa limekuchwa nusu saa na zaidi kabla ya mtoto kulia. Mwezi ulikuwa umekwisha kuonekana. Kwa hiyo mtoto hakuwa wa Jumamosi, wala hakuwa wa mwaka uliopita. Alikuwa mtoto wa Jumapili, siku ya kwanza ya mwaka, siku ya uhuru.

Ni lazima niseme jambo hili waziwazi, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka humo. Katika nyumba yetu siku haikuanza katikati ya usiku. Ilianza jua linapokuchwa. Jua likizama Alhamisi tumekwisha kuingia Ijumaa, na usiku hutangulia mchana wake kama mama anavyomtangulia mwanawe. Nilikua nikijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Chuoni Tananarive, nilikosomea ualimu, nilifundishwa hesabu nyingine, ya saa sita ya usiku, nikaijua nayo, na kwa miaka kadhaa nilizibeba hesabu zote mbili bila kugongana, kama mtu anavyobeba funguo za nyumba mbili.

Hata nilijivunia. Darasani kwangu Nosy Be nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni kila asubuhi yote yaliyokutana katika tarehe ya siku hiyo: jina la mtakatifu lililochapishwa kwenye kalenda ya posta, mwezi wa Kiislamu umefika ngapi, vita gani vilianza au mkataba gani ulitiwa saini siku kama hiyo, na kama ni siku nzito kwa Wasakalava, ambayo haichimbwi ardhi wala haifanywi kazi kubwa. Wasichana walipenda. Walileta siku za kwao, waliozaliwa na waliofariki. Niliwaambia kwamba tarehe ni sahani, haimnyimi mtu nafasi ya kuweka chakula chake. Nilikuwa kijana, na niliyaamini maneno hayo.

Jumapili asubuhi nilivaa gauni langu jeupe nikaenda kwenye sherehe pamoja na walimu wa Mahajanga. Kengele za kanisa zilipigwa, bendera ikapanda, watu wakalia. Nami nililia. Nilipopita msikitini nilisikia sauti za wazee wakiomba dua ya mwaka mpya, na tarumbeta za gwaride zikipita juu ya sauti hizo bila kuzizima. Mchana nilimkuta baba hospitalini, amembeba mjukuu wake kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama anayebeba kitabu. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Siku hiyo aliniambia, "Tazama, mwanangu. Siku tatu zimeketi mkeka mmoja."

Mpaka leo sijamwona tena mtu mwenye furaha kama ile. Hilo nalo ni katika mambo ninayoyabeba.

Jumanne tulikwenda kumwandikisha mtoto. Kwao mama Jumanne ndiyo siku nzito, na kama angekuwa hai angetuzuia. Baba alilikumbuka hilo njiani, akatabasamu, akasema marehemu atusamehe. Fundi cherehani alifuatana nasi kuwa shahidi wa pili. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Kifaransa. Baba alikisikia kidogo tu. Sokoni na mtaani alisema Kimalagasi, na wenzake Kingazija, na Kiswahili cha vitabuni alikihifadhi kwa ajili ya dini na barua.

Karani alikuwa kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, adabu tele. Juu ya kichwa chake ukutani palikuwa na mraba uliopauka, mahali palipoondolewa picha. Alisoma cheti cha mkunga, akaanza kuandika: tarehe 25 Juni. Baba, aliyekuwa akiifuata kalamu kwa macho, alinyoosha mkono na kusema kwa Kimalagasi, kwa upole, kwamba hapo pana kosa. Mtoto amezaliwa tarehe 26.

Karani akamwonyesha cheti. Baba akasema mkunga ameandika saa vizuri lakini siku ameikosea. Karani akauliza kama mzee alikuwapo chumbani. Hapana, alisema baba, alikuwa juu ya dari. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya watu, na mmoja wao akacheka. Baba hakuelewa kinachochekesha. Alieleza tena, taratibu zaidi, jinsi anavyowaeleza watoto wa chuoni kwake: ameuona mwezi kwa macho yake, kisha mtoto akazaliwa, na yu tayari kuapa.

Sura ya karani ilibadilika. Alinigeukia mimi, akaanza kusema kwa Kifaransa, haraka na kwa sauti ya chini, kama anayenitendea hisani. Alisema katika siku mbili hizi wameshafika watu kadhaa wanaotaka watoto wao wawe wamezaliwa siku ya uhuru. Alisema mzee huyu si raia, ni Mkomoro, na visiwa vya Komoro havikuwa huru. Labda amedhani tarehe itamfaa mjukuu wake kwa jambo fulani. Alisema kutoa tamko la uongo mbele ya ofisi ni kosa, na kwamba yeye hangependa kumwita mkubwa wake. Kisha akasubiri.

Nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi. Bwana, kwa Waislamu siku huanza jua likichwa. Baba yangu hasemi uongo, anahesabu kwa saa nyingine. Andika 25, nami nitamweleza. Sentensi tatu. Nilikuwa nimewafundisha wasichana wa miaka kumi jambo gumu kuliko hilo, kwamba dunia inazunguka na kwamba saa sita ya usiku ni mapatano tu ya watu.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusema. Kwa muda mrefu nilijijibu kwamba nilitaka kumwokoa, nami sikuwa na nafasi ya kufikiri. Si kweli. Nafasi ilikuwapo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa mwalimu wa serikali, nimevaa viatu vya kisigino, nyuma yangu watu wanasikiliza, na sikutaka kijana yule mwenye shati la pasi ajue kwamba katika nyumba niliyotoka siku huanza jioni.

Nilimwambia karani kwa Kifaransa, "Umwie radhi, bwana. Ni mzee. Akili yake imechoka, anachanganya siku."

Karani alifarijika. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Aliinama mbele, akamshika baba mkono, na kwa Kimalagasi, kwa sauti kubwa ya kumwambia asiyesikia vizuri, akamwambia asijali, binti yake ameshaeleza kwamba akili imechoka kwa uzee, hata babu yake mwenyewe kule kwao yuko hivyo hivyo, hakuna atakayemlaumu.

Baba alinitazama.

"Ndivyo ulivyosema?"

Nilikuwa natazama ule mraba uliopauka ukutani. Fundi cherehani, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu chake, ilhali alikuwa amevaa makubadhi.

Karani alimaliza kuandika 25 Juni, kisha akasukuma mbele kikopo cha wino na kumwonyesha baba mahali pa kuweka dole gumba. Baba alikuwa amewafundisha kuandika nusu ya wanaume wa Mahabibo. Hati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri mno, watu walimletea karatasi za ndoa azinakili. Alikitazama kile kikopo kwa muda, akachovya kidole, akakiweka alipoonyeshwa. Njiani kurudi nyumbani alikificha kile kidole ndani ya ngumi.

Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba alinigombeza. Alikula chakula nilichopika, akaniuliza habari za mvua ya Nosy Be, akamfanyia mtoto dua siku ya saba na kumchinjia. Lakini daima nilipokuwa nasafiri aliniwekea mkono kichwani akasoma Fatiha, na siku niliyoondoka aliisoma Fatiha amesimama mlangoni, mikono yote miwili ikiwa mgongoni. Niliinamisha kichwa nikangoja. Aliposema amina niliinua kichwa nikachukua sanduku langu.

Nosy Be sikuandika tena tarehe ubaoni. Wasichana waliuliza kwa siku mbili tatu, kisha wakazoea. Mwalimu mkuu alitaka kila darasa liandike insha juu ya siku ya uhuru, nami nikazisahihisha jioni, moja baada ya nyingine, kalamu nyekundu mkononi. Bendera zote zilikuwa zimepanda, tarumbeta zote zimepigwa. Msichana mmoja wa Ambondrona aliandika kwamba siku hiyo baba yake alirudi na samaki wengi mno hata wakawagawia majirani, na kwamba anadhani ndio uhuru. Nilimpa alama za juu, kisha nikaketi nimekishika kile kidaftari mpaka taa ikaisha mafuta.

Mwezi wa Safar ulipokaribia nilianza kuhesabu bila kukusudia. Jumapili ya siku ya ishirini na tisa, baada ya chakula cha mchana, nilipata nafasi katika lori la nazi nikaenda Ambondrona, nikasimama ufukweni nikitazama upande wa kisiwa kidogo cha Nosy Sakatia. Jua lilizama. Wanawake waliokuwa wakitandua dagaa walinitazama, wakidhani namngoja mtu. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, mbingu baada ya jua kuchwa imejaa vitu vidogo ambavyo si mwezi. Kisha ukawapo. Mwembamba, umelala chali juu ya mgongo wa kisiwa, mweupe zaidi kidogo kuliko weupe uliouzunguka. Niligeuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Baada ya wiki mbili ilifika barua ya mdogo wangu. Alieleza habari za mtoto, kunyonya kwake na upele wake, na mwisho kabisa akaandika mambo ambayo nadhani alikuwa ameyazunguka muda mrefu. Jioni ile ile ya Jumapili fundi cherehani alimpitia baba, kama kawaida, waende darini. Baba alikuwa ameketi anashona mkeka. Fundi alimtania, akasema yeye peke yake akipanda mwezi utaona haya uondoke. Baba hakucheka. Alisema, "Tafuteni mwenye akili timamu." Fundi akaapa kwamba msikitini hakuna aliyesikia neno lolote, na kama angesikia asingeliamini. Baba akasema yeye amesikia, inatosha. Ameshuhudiwa na mwanawe mwenyewe, mbele ya serikali, naye hakukanusha. Ameweka na dole. Shahidi wa namna hiyo hafai. Dari lile halikupandwa na mtu, na Safar wakaianza kwa kukamilisha siku thelathini za Muharram.

Siku iliyofuata niliandika barua. Sikuiandika kwa Kifaransa wala kwa herufi za Kilatini, ambazo angehitaji kusomewa. Niliiandika kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa herufi za Kiarabu, alivyonifundisha nikiwa na miaka sita, na hati yangu ilikuwa mbaya kama ya mtoto wa miaka sita. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alimpa mkononi, kwamba baba aliisoma peke yake uani, mara mbili, akaitia katika mfuko wa kanzu, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuijibu. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akiwa na akili kali mpaka asubuhi ya mwisho, na dari la msikiti hakulipanda tena. Tulizungumza kila nilipokwenda likizo, juu ya mchele, juu ya mjukuu, juu ya nani amekufa. Fatiha alinisomea kila safari. Mikono ikabaki mgongoni.

Uhuru hurudi kila mwaka tarehe ile ile. Muharram hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, wala hausubiri mtu. Nimefanya hesabu: siku hizo mbili ziliachana Jumapili ile ile jua lilipokuchwa, na hazitakaribiana tena mpaka niwe bibi kizee wa miaka hamsini na saba. Sasa nina arobaini na tano, naishi Dar es Salaam, nafundisha Kifaransa. Cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu kinasema 25 Juni, na chini yake pana alama ya dole gumba ambayo watu wakiiona husema, maskini, mzee wa watu hakujua kuandika. Nakala ya barua ninayo, kwa kuwa niliiandika mara nyingi kabla ya kuituma. Hii ndiyo iliyokwenda:

*Hell-Ville, tarehe 15 Safar 1380.*

*Kwa baba yangu mpenzi. Baada ya salamu na heshima: mimi ni mzima, naomba nawe uwe mzima.*

*Baba, nashuhudia kwamba mjukuu wako alizaliwa siku ya kwanza ya Muharram, baada ya mwezi kuonekana, nawe uliuona. Niliyoyasema ofisini ni uongo, na nilipoyasema nilijua kuwa ni uongo. Akili iliyokosa haikuwa yako.*

*Nashuhudia pia kwamba mwezi wa Safar niliuona mwenyewe kwa macho yangu, ufukweni Ambondrona, juu ya mgongo wa Nosy Sakatia, siku ya ishirini na tisa jua lilipokwisha kuchwa. Najua ushahidi wangu haufai, kwa kuwa sharti la kwanza ni shahidi asiwe amejulikana kwa uongo. Nakuandikia tu upate kujua kwamba ulikuwapo, na kwamba jioni ile hapa hapakuwa na wingu.*

*Naomba radhi yako. Kama huwezi kunipa, nakuomba upande dari.*

*Mwanao.*